Kukunja Midomo ya Fenda ili Rimu Pana Zienee: Kisa cha Impreza Moja Mjini Arusha

Gari liliingia karakanani kwangu mjini Arusha asubuhi moja ya Julai, wakati ambapo hata vyuma hapa hushikika kwa shida kwa ubaridi. Lilikuwa Subaru Impreza WRX ya mwaka 2005, ya milango minne, iliyoagizwa kutoka Japani ikiwa imekwisha kutumika, na mwenyewe alikuwa kijana anayeipenda kwa dhati. "Shikamoo, mzee," alisema, na kabla sijamaliza kuitikia akafungua kiganja akanionyesha nyuzi nyeusi za mpira, nyembamba, zilizosokotana kama nywele zilizoanguka chini ya kiti cha kinyozi. Alikuwa amezikusanya juu ya plastiki ya ndani ya fenda ya nyuma, upande wa kushoto.

Nilipoinama na kumulika tochi, maelezo mengine hayakuhitajika. Kwenye bega la tairi, pale kashata (yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara) zinapokutana na ubavu, palikuwa na mfereji uliozunguka tairi zima kwa kina cha karibu milimita 2, umechongwa sawasawa kana kwamba umepitishwa kisu. Mdomo wa fenda, yaani ule ukingo wa bati unaogeukia ndani juu ya tairi, ulikuwa umeng'aa chuma kitupu kwa urefu wa shubiri moja. Tairi lilikuwa linausaga mdomo na mdomo unalikata tairi, kila mara gari lilipobeba watu nyuma na kupita kwenye tuta.

Kijana hakuwa amekaa kimya. Wiki mbili kabla, fundi mmoja alimwambia kwamba dawa ni kukunja midomo, akachukua kipande cha bomba la maji, akakipachika kati ya tairi na fenda, kisha gari likasukumwa mbele na nyuma ili bomba lizunguke na kuulaza mdomo. Kazi ilifanyika asubuhi, rangi ikiwa baridi, na ilisimamishwa baada ya pembe moja tu, ya nyuma kushoto, kwa sababu kila aliyekuwepo aliona kilichotokea: bati la nje lilifanya wimbi, rangi ikapasuka kwa mistari mirefu inayofuata mduara wa fenda, na tairi likaendelea kusaga kama awali.

Ninakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu gari hili moja lilikuwa na hali tatu tofauti katika pembe zake nne, na hivyo linaonyesha vizuri jambo ambalo ningependa kila mwenye gari na kila fundi wa bodi alizingatie kabla ya kushika chombo chochote: madhara yanayotokea wakati wa kukunja fenda hutokana zaidi na kutojua ni bati la namna gani linalokunjwa, lina nini juu yake na nini nyuma yake, na linahitaji kukunjwa kiasi gani. Bomba la maji ni chombo kibaya, nami sikitumii. Lakini hata mashine nzuri ingeliharibu gari hili upande ule ule wa kushoto, kwa sababu nitakazozieleza.

Tulianza na hesabu, kwa sababu bila hesabu hakuna anayejua tatizo ni kubwa kiasi gani. Rimu alizonunua kijana zilikuwa za kipenyo cha inchi 17 na upana wa inchi 8, zikiwa na ofseti 35, na matundu yake matano yalikuwa kwenye duara la milimita 100 kama yalivyo ya Impreza hiyo, ndiyo maana zilifungika kwenye habu, yaani kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa, bila shida yoyote. Wanunuzi wengi huishia hapo: matundu yakikubali, rimu imekubali. Ofseti ndiyo inayosahaulika. Hiyo ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari unaogawa upana wa rimu katikati na ule uso wa rimu unaokaa kwenye habu. Namba ikiwa kubwa rimu huingia ndani ya gari, na ikipungua rimu hutoka nje. Rimu zake za awali zilikuwa za upana wa inchi 7 na ofseti 55. Nusu ya inchi 7 ni milimita 88.9, na ukitoa 55 unabaki na 33.9, ambao ndio umbali wa kingo ya nje ya rimu kutoka kwenye uso wa habu. Kwa rimu mpya, nusu ya inchi 8 ni milimita 101.6, na ukitoa 35 unabaki na 66.6. Kwa hiyo kingo ya rimu ilitoka nje kwa karibu milimita 33 kuliko zamani.

Tairi lenyewe halikutoka kwa kiasi hicho. Alitoka kwenye tairi la 215/45 akaenda 225/45 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo), na tofauti ya upana ni milimita 10, ambayo hugawanyika 5 kila upande. Ukijumlisha na milimita 20 za tofauti ya ofseti unapata 25, na kwa kuwa rimu ya inchi 8 hulivuta tairi hilo kidogo zaidi ya upana wake wa kawaida, tulipopima kwa rula iliyosimamishwa tukapata 27. Kwa ndani tairi lilikuwa limesogea mbali na shokapu kwa zaidi ya sentimita moja, nafasi ambayo haikuwa na kazi yoyote huko ilipokuwa. Aidha, tairi jipya ni refu zaidi kwa milimita 4.5 kutoka katikati ya habu hadi kwenye kashata, na springi fupi alizofunga mwaka uliotangulia zilikuwa zimelishusha gari kwa karibu milimita 30.

Nilimweleza kijana waziwazi kwamba njia safi kuliko zote ilikuwa kuziuza rimu hizo na kutafuta za upana uleule zenye ofseti 48, kwa sababu hapo tairi lingetoka nje kwa milimita 12 badala ya 25, na kwa kiasi hicho huenda tusingegusa bati kabisa. Alinisikiliza, akazitazama rimu zake, akasema, "Mzee, hizi nilizitafuta miezi minane." Sikumlaumu, kwani gari ni lake na kazi hii inafanyika vizuri ikifanywa kwa utaratibu, ila ni haki ya mteja kuambiwa njia ya bei nafuu kabla ya kuonyeshwa njia ya bei kubwa. Alipendekeza pia kwamba nyuma arudishe tairi za 215/45 na mbele abaki na 225/45. Hilo nililikataa papo hapo. Impreza hii huendeshwa na magurudumu yote manne, na tairi za mbele zikitofautiana na za nyuma kwa mzunguko, difrensha ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hulazimika kufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, hupata joto na hatimaye hufa. Tairi nne za gari kama hili lazima zilingane kwa ukubwa, na hata kwa kulika.

Hatua iliyofuata ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi, nayo ni kupima gurudumu likiwa juu kabisa, mahali linapofika gari likiwa limejaa na limeangukia shimoni. Kulisukuma gari kwa mkono kwenye buti hakusaidii kitu. Hata watu wanne wakikaa nyuma springi haijafika mwisho. Tulizifungua shokapu za nyuma, tukazitoa springi, tukazirudisha shokapu bila springi, kisha tukafunga gurudumu na kulinyanyua polepole kwa jeki gari likiwa limesimama imara juu ya stendi. Katika kufanya hivyo tuligundua jambo ambalo hesabu isingelitufichulia. Ile mipira ya kikomo inayokaa kwenye fimbo ya shokapu, ambayo kazi yake ni kulizuia gurudumu lisipande kupita kiasi, haikuwepo kabisa upande wa kushoto, na upande wa kulia ilikuwa imekatika na kubaki kipande cha urefu wa kidole gumba. Huenda ilitolewa wakati wa kufunga springi fupi ili gari lisiwe gumu. Kwa vyovyote vile, gurudumu la kushoto lilikuwa linapanda hadi mahali ambapo halikupaswa kufika, na hakuna kiasi cha kukunja mdomo kingeliponya hilo. Tulifunga mipira mipya pande zote mbili kabla ya kuendelea na vipimo.

Kupima nafasi iliyobaki tulitumia udongo wa kuchezea watoto. Unaubandika kwa vipande vidogo kwenye mdomo wa fenda kuanzia mbele hadi nyuma, unalipandisha gurudumu hadi mwisho, unalishusha, kisha unakata kila kipande kwa wembe na kupima unene uliosalia. Pale udongo ulipobanwa ukabaki wa milimita 5 au zaidi, bati lile niliachana nalo. Pale ulipobaki chini ya hapo, au ulipokatika kabisa, nilichora alama kwa chaki. Mbele tulifanya vivyo hivyo huku usukani ukizungushwa hadi mwisho kulia na kushoto. Matokeo yalimshangaza kijana, maana alikuja akitaka midomo yote minne ilazwe yote. Mbele palihitajika kukunjwa eneo la sentimita 30 tu juu ya gurudumu. Nyuma palihitajika zaidi, karibu sentimita 50, na sehemu iliyogusa vibaya zaidi haikuwa juu katikati bali nyuma kidogo, kuelekea kwenye bampa. Hapo kulikuwa na skrubu ya kushikilia bampa ya plastiki, ncha yake ikielekea moja kwa moja kwenye tairi, na ncha hiyo ndiyo iliyochonga ule mfereji kwa sehemu kubwa. Tuliitoa, tukaweka riveti ya plastiki yenye kichwa bapa.

Sasa nilisoma bati. Fenda ya mbele ni bati moja tu, lililofungwa kwa bolti, na mdomo wake ukikunjwa vibaya, hasara kubwa kabisa ni kununua fenda nyingine. Nyuma mambo ni tofauti sana, na hapa naomba msomaji anivumilie nieleze kwa kina. Fenda ya nyuma ni sehemu ya bodi yenyewe, na mdomo wake umefanywa kwa mabati mawili: bati la nje tunaloliona na bati la ndani linalofanya pango la gurudumu, yaliyokutanishwa ukingoni na kushikwa kwa doti za kuchomelea, kisha kuzibwa kwa gundi ili maji na tope lisipenye katikati. Unapokunja mdomo wa nyuma, bati moja husafiri mduara mkubwa kidogo kuliko jingine. Ukienda haraka, gundi hupasuka, na ukitumia nguvu mno doti nazo huachia. Anayetazama kwa nje haoni chochote. Ni mvua ya masika inayofuata ndiyo hupeleka maji katikati ya mabati, na kutu huanza upande ambao hakuna brashi wala mkono unaofika. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono wale wanaoukata mdomo wa nyuma kwa grenda, maana ukikata ukingo umekata doti zote, na kuanzia hapo mabati mawili hayashikani tena mpaka uchomelee upya.

Nilipitisha kipima rangi kwenye kila pembe. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi vanishi, huwa na unene wa takriban mikroni 100 hadi 150 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na fenda mbili za mbele pamoja na ya nyuma kulia zilisoma ndani ya mipaka hiyo. Nyuma kushoto kipimo kilipanda hadi zaidi ya 700, na sumaku ndogo niliyoiweka juu ya mduara wa fenda iliteleza na kudondoka. Chini ya rangi kulikuwa na puti, ule uji mzito wa kusawazishia bati. Gari liliwahi kugongwa upande huo, pengine hata kabla ya kupandishwa melini, likanyooshwa na kupigwa rangi na mtu aliyejua kazi yake, kiasi kwamba jicho halikuona tofauti. Hapo ndipo ilipoeleweka kwa nini bomba la maji lilipasua rangi kwa mistari mirefu namna ile: puti ikishakauka haina mnyumbuko wowote, na bati linapojikunja chini yake huvunjika kama ganda la yai. Fundi yule wa kwanza hakutumia joto, na hilo ni kosa. Lakini kosa kubwa zaidi ni kwamba hakugonga hata kwa kifundo cha kidole kusikia sauti ya bati kabla ya kuanza.

Mbele kazi ilikwisha upesi. Tulitoa plastiki ya ndani, tukaosha mdomo kwa maji na brashi mpaka tope lote lililokauka nyuma ya ukingo likaondoka, kwa kuwa chembe moja ya changarawe ikibanwa kati ya mdomo na bati hutokeza kwa nje kama kipele. Tulifunga mashine ya kukunjia kwenye habu kwa nati zilezile tano za gurudumu. Mashine hii ni mkono wa chuma wenye urefu unaorekebishwa, na mwishoni una rola ya plastiki ngumu. Unauzungusha mkono kushoto na kulia huku ukiongeza shinikizo kidogo kidogo kwa skrubu. Kila upande wa mbele ulichukua chini ya saa moja.

Nyuma kulia tulitumia karibu siku nzima, na naona inafaa nieleze tulivyofanya, maana huko ndiko mashine nzuri huharibu gari zuri. Kwanza ni kimo cha habu. Mkono wa mashine huzunguka ukiifuata habu kama kitovu, na mduara wa fenda nao una kitovu chake. Gari likiwa limenyanyuliwa na gurudumu limening'inia, habu iko chini mno, na rola hubana kwa nguvu katikati huku ikiacha pembeni. Kwa hiyo tuliinyanyua habu kwa jeki hadi kimo chake cha kawaida, na tukahakikisha kwa macho kwamba rola inagusa mdomo kwa usawa kutoka alama ya kwanza hadi ya mwisho. Pili ni ile gundi. Ilikuwa nzima lakini imekauka kwa miaka, nikaikwangua yote kwa kijiti cha mbao katika eneo tutakalokunja, maana nilijua itapasuka tu, na ni afadhali kuiondoa na kuiweka upya kuliko kuiacha ipasuke kwa siri.

Tatu ni joto. Tulitumia hita ya kupuliza, ya aina ile wanayotumia wabandikaji wa tinti, na kipimajoto cha kuelekeza. Lengo langu lilikuwa rangi ifike kati ya nyuzi 60 na 70 za Selsiasi na ibakie hapo kwa muda wote rola inapopita. Chini ya hapo rangi ni ngumu na hupasuka. Juu sana hulainika kupita kiasi, hupoteza mng'ao au hutoa malengelenge. Hita haisimamishwi mahali pamoja, huchezeshwa kama mtu anayepepea jiko, ikipasha ndani na nje ya mdomo, kwa sababu bati la ndani lisipopata joto gundi iliyobaki na rangi ya chini hubaki baridi hata kama kwa nje kumeungua mkono. Asubuhi zetu za Julai bati hupoa kabla hujaiweka hita chini, kwa hiyo tulisubiri jua lipande, tukafanya kazi kuanzia saa sita mchana.

Nne ni subira. Mwanzoni mdomo ulikuwa umegeukia ndani kwa pembe ya karibu nyuzi 90. Mapito ya kwanza ya rola hayakuonekana yamefanya kitu, na msaidizi wangu akataka kuongeza skrubu. Nilimkataza. Kila baada ya mapito matano au sita tuliongeza robo mzunguko tu, tukapasha tena, tukapita tena. Nyuma yetu nilikuwa nimetundika taa ya tyubu ndefu ili mwangaza wake uonekane juu ya rangi, na kazi yangu mimi ilikuwa kuutazama mstari ule wa mwanga kuliko kuutazama mdomo. Mstari ukiwa umenyooka juu ya mduara wa fenda, bati la nje halijasogea. Ulipoanza kupinda kidogo sana, kama uzi uliolegea, tulikuwa tumefika nyuzi 30 hivi kutoka kulala kabisa. Nikasema basi. Kipimo cha udongo kilionyesha nafasi ya milimita 6 gurudumu likiwa juu kabisa, na hatukuhitaji zaidi. Kuulaza mdomo mpaka ukagusa bati la juu yake hupendeza machoni, lakini milimita za mwisho hutafutwa kwa shinikizo kubwa, na shinikizo hilo ndilo linalolisukuma bati la nje. Pia huacha mfuko mwembamba usioweza kuzibwa wala kuoshwa, ambako tope hukaa na unyevu wake. Kabla bati halijapoa tulipaka gundi mpya kwenye maungio yote, na kesho yake, ilipokuwa imekauka, tukapulizia nta ya kuzuia kutu kwa ndani kupitia kwenye buti.

Upande wa kushoto ulichukua siku nne. Tulichuna rangi na puti mpaka chuma, na chini yake tukaona makovu ya nyundo ya yule aliyelinyoosha zamani, pamoja na lile wimbi jipya lililosababishwa na bomba. Doti nne zilikuwa zimeachia. Uliweza kuingiza ncha ya bisibisi nyembamba kati ya mabati mawili. Nililinyoosha bati la nje kwa nyundo na chuma cha kushikilia nyuma, polepole, kutoka kwenye kingo za wimbi kuelekea katikati, kisha nikaukunja mdomo kwa mashine hadi pembe ileile ya upande wa kulia. Safari hii hapakuwa na rangi ya kuogopea, ila joto nililitumia vilevile. Baada ya hapo tulitoboa matundu madogo kwenye bati la ndani pale doti zilipoachia, tukapaka praima ya zinki kati ya mabati, tukachomelea kwa mashine ya gesi doti moja moja tukiipa kila doti nafasi ya kupoa, ili joto lisilete wimbi jingine. Puti iliyorudi juu ya mduara ilikuwa nyembamba, na haikushuka hadi kwenye mkunjo. Huo ni utaratibu ninaousisitiza kwa wapaka rangi wangu wote: kunja kwanza, puti baadaye, na puti isifike mahali ambapo bati linaweza kutikisika. Kisha praima, rangi, vanishi, gundi, na nta.

Baada ya kukusanya kila kitu tuliipeleka kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, na hapo nilifanya marekebisho madogo ambayo watu huyaanzia wakati yanafaa kuja mwishoni. Kwa bolti maalumu za kwenye shokapu za nyuma tulikilaza kichwa cha gurudumu kwa ndani kwa nusu digrii hivi zaidi ya kilivyokuwa. Digrii moja ya kemba, yaani huo mlalo wa gurudumu, huliingiza tairi la ukubwa huu kwa takriban milimita 5 kule juu, kwa hiyo nusu digrii ilitupa milimita mbili na ushee za akiba. Wapo wanaotatua tatizo lote kwa kemba pekee, wakalilaza gurudumu digrii tatu au nne. Tairi halisagi fenda tena, ila hulika upande wa ndani mpaka nyuzi za waya zinaonekana huku kashata za nje zikiwa mpya, na breki kwenye barabara yenye maji hazishiki inavyopaswa.

Jaribio tulilifanya kwa uzito wa kweli. Watu watano na magunia mawili ya mahindi kwenye buti, tairi zikiwa zimepakwa chaki mabegani, tukashuka barabara ya Moshi na kupita kila tuta tulilokutana nalo, kwanza taratibu, kisha kwa mwendo ambao dereva wa kawaida hujisahau nao. Tuliporudi chaki ilikuwa nzima kwenye magurudumu matatu. Mbele kulia ilifutika alama ndogo ya upana wa kidole, na haikutokana na mdomo bali na ukingo wa plastiki ya ndani ambao haukurudishwa vizuri kwenye klipu yake. Tuliupasha, tukausukuma ndani, tukaufunga kwa klipu mpya, tukarudia safari.

Nilimwomba kijana arudi baada ya mvua za vuli, naye alirudi Desemba. Tulitoa magurudumu yote mawili ya nyuma, tukaosha, tukapitisha tochi na kioo kidogo kwenye mkunjo mzima. Kushoto palikuwa safi. Kulia, karibu na pale ilipokuwa skrubu ya bampa ya upande huo, gundi ilikuwa na ufa wa urefu wa sentimita 3, mwembamba kama unywele, na chini yake chuma bado kilikuwa cheupe bila doa. Niliukwangua, nikaukausha kwa hita, nikaziba upya, na nikamwandikia tarehe ya kurudi kabla ya masika.